Direktere wa Pembe Tatu

Harufu ya muhogo uliolowekwa haimfurahishi mtu. Ukipita karibu na dimbwi ambamo mama fulani ameuacha muhogo wake ulainike, unaziba pua na kuongeza mwendo. Mimi napunguza. Juzi tu nilikuwa nimepanda pikipiki, natoka soko la Nyabiondo na mfuko wangu wa nywele za kusukia, harufu hiyo ikatupata kwenye kona ya mto, nikamwomba dereva aende polepole. Akaniuliza, "Dada, uko mugonjwa?" Nikamjibu apana, nimekumbuka muntu. Sikumwambia kwamba mtu huyo alikuwa na pembe tatu usoni na mkia wa kujikunja. Dereva ana haraka ya kupata abiria mwingine. Ninyi mumeketi, kwa hiyo nawaambia.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya Lushebere tulikokimbilia vita, nyumba yetu ikasimamishwa upya, na Papa alikuwa amepanda tena maharagwe yake, yale yanayopanda juu ya miti kama watoto. Nyumbani tulikuwa Papa, Mama, mimi na wadogo zangu, Koko aliyemzaa Papa, na Shangazi Neema, dada mdogo wa Papa. Babu alikuwa amekwisha kutuacha, hivyo mambo ya Shangazi yote yalikuwa juu ya Papa.

Siku moja ya kupalilia nilishika mti mmoja wa maharagwe ili nisianguke kwenye mteremko. Tawi moja likafungua jicho. Jicho hilo likaniangalia mimi, na lile la upande wa pili likaendelea kuangalia milima yote ya Masisi iliyobaki. Niliachilia mti, nikaanguka, nikateleza hadi kwa Shangazi aliyekuwa chini na jembe lake. Yeye hakupiga kelele. Alipanda, akatazama, akasema, "Ni kinyonga tu. Mwanaume. Mwanamuke hana hizi pembe." Akamwekea mkono, na yule bwana akauchunguza mkono ule sana kabla ya kuukubali.

Tulimwita Direktere. Direktere wetu wa shule, mwalimu mkuu, alikuwa na namna yake ya kupita kati ya viti siku ya mtihani: anainua mguu, anaushikilia hewani, anafikiri, anautua, na macho yake yanachunga pande mbili kwa pamoja. Kinyonga alitembea hivyo hivyo. Wadogo zangu walipomwona tu walinyamaza na kuficha mikono nyuma.

Sasa, kumlisha. Mimi nilikuwa mtoto wa huruma nyingi na akili ya kadiri, hivyo nilimpa kile nilichopenda mwenyewe. Nilimpa maharagwe yaliyoiva, akageuza uso. Nilimpa bugali, nikaufinyanga kidonge kidogo cha mdomo wake, akakikanyaga. Nilimpa sombe, majani ya muhogo yenye mawese, akabaki na doa jekundu kwenye kidevu hadi Shangazi akamfuta kwa kona ya kitenge. Nilimwekea maziwa kwenye kifuniko cha chupa, wakaja sisimizi wakanywa wao. Nilianza kulia, nikamwambia Shangazi kwamba anakataa chakula kwa sababu anawaza kwao.

"Kwao ni pale, kwa miti ya maharagwe," Shangazi alisema. "Huyu hakulake kitu yenye imekufa. Anataka chakula yenye inatembea."

Basi tukaanza kwenda dimbwini kwa Mama, ambako muhogo ulikuwa ukinuka vizuri na inzi walikuwa wengi kama watu wa soko. Inzi wa Direktere alitaka ufundi. Ukimpiga kwa nguvu, amekufa, na Direktere haangalii maiti. Ukimpiga kidogo, anaruka anaenda zake. Shangazi alitumia fagio la majani, anampiga inzi pigo la kumsahaulisha tu. Siku za panzi alichomoa uzi mmoja kwenye nywele zake za duka, akamfunga panzi mguu, na mimi nikamning'iniza mbele ya Direktere. Macho yale mawili yaliyokuwa hayapatani kamwe yalikuja mbele pamoja, mdomo ukafunguka kidogo, kisha pa, panzi hayuko, na mimi nashika uzi mtupu. Nywele za Shangazi zilianza kupungua upande mmoja. Mama akamuuliza ni fundi gani aliyemsuka vibaya hivyo.

Maji nayo hakuyanywa kwenye chombo. Shangazi alijaza mdomo, akayapuliza juu ya majani, na Direktere akalamba matone moja moja. Tulifanya hivyo kila jioni nyuma ya jikoni, penye kitunga cha zamani tulichokitundika kwenye ua la miti lililozunguka lupango letu, nyumba na uwanja wote. Pale Shangazi alizungumza. Kulikuwa na kijana wa Walikale, jina lake Safari, aliyepandisha mawese hadi soko letu, na mama zetu wote walijua kwamba akimpimia Neema, kipimo kilifurika. Watu wake walikuwa wametuma habari kwamba wanakuja na mahari. Shangazi alipuliza maji, akapangusa midomo, akamuuliza kinyonga, "Direktere, nikubali ao nikatae? Muntu namujua kwa mawese tu. Walikale ni mbali." Direktere alilamba tone. Mimi nilicheka hadi nikashika tumbo. Niliona ni jambo la kuchekesha sana, mtu mzima kuomba shauri kwa kinyonga.

Ni Koko aliyeharibu. Koko hakuwa mwoga. Nilimwona kwa macho yangu akimfukuza nyoka kwa kiatu kimoja, tena alirudi kulalamika juu ya kiatu. Lakini kinyonga, ukitaja jina tu, alitema mate chini na kujifunga kitenge upya. Wiki ile ya mahari alikwenda nyuma ya jikoni kuchukua kuni, akakutana na Direktere uso kwa uso, na kuni zote zikabaki pale.

"Munyama yenye kubadilisha rangi inabadilishaka na maneno," alimwambia Papa. "Mukwe akiiona njiani anarudia kwao, hata kama alifika kwa mulango. Unataka Neema azeekee hapa?"

Papa alinigeukia. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa amekwisha kukopa viti kwa kanisa na turubai la kuwakinga wageni na jua, na mtu aliyekopa viti hana upole mwingi. "Peleka hiyo kitu yako mbali," akasema. "Siku ya mahari nikiiona ndani ya lupango, fimbo. Sitauliza mara mbili."

Mbali ni wapi, kwa mtoto wa darasa la tatu? Kwenye miti ya maharagwe kulikuwa na watoto wa jirani wenye mawe. Kwenye barabara kulikuwa na pikipiki. Nilimpeleka, nikamrudisha, nikampeleka, nikamrudisha. Asubuhi ya mahari, wanawake wakiwa wamekwisha kuja kupika na kila kona ina mtu, niliingia na kitunga changu chumbani kwa Shangazi, naye alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunikwa kitenge kichwani, kwa sababu msichana wa mahari haonekani mpaka aitwe. Nilimwambia Shangazi kwamba Papa atamuua Direktere.

Shangazi alifikiri chini ya kitenge. "Kitunga watafungua," akasema. "Muweke kwa tao, pale kwa mulango wa lupango, katikati ya majani. Yeye iko kijani, majani iko kijani. Nani ataona?"

Tao lilikuwa zuri, la migomba miwili na matawi na maua mekundu ya Mama, limefungwa kamba za mgomba. Nilimpandisha Direktere. Alinyoosha mguu, akafikiri, akashika, akageuka rangi mpaka mimi mwenyewe nikampoteza.

Wakwe walifika jua likiwa kali, matope hadi magotini, na mizigo: mitungi ya mawese, vitenge, mbuzi, na vitunga vya nyama ya kukaushwa kwa moshi. Sasa, kwetu mkwe haingii hivi hivi. Anasimamishwa mlangoni, anaulizwa, anajifanya amepotea, sisi tunajifanya hatumjui, na kadiri tunavyomchelewesha ndivyo msichana anavyoonekana wa thamani. Papa aliwachelewesha vizuri. Aliingia ndani kuvaa kiatu, akatoka, akaingia tena kutafuta kofia.

Msemaji wao alikuwa mzee mnene, mwindaji, na kofia ya ngozi kichwani. Ili wasichoke, aliwasimulia watu wetu waliokuwa pale karibu habari za pori. Alisema amekwisha kulala juu ya mti na chui chini yake. Alisema, "Chui akikuangalia, weye pia unamuangalia, njo yeye anapata haya." Vijana wake walitikisa vichwa, kwamba na wao wanawatiaga chui haya. Wakati huo nyama ile ya moshi ilikuwa inaita inzi. Wale wa dimbwini kwa Mama wote walisikia wito. Nami nilikuwa nimesimama chini ya tao, natazama majani, na majani yakafungua jicho. Halafu la pili. Yote mawili yakaangalia mbele.

"Munatafuta nini kwetu?" Papa aliuliza hatimaye.

Msemaji akasogea hadi chini ya tao, akasafisha koo. "Papa, sisi ni watu wa pori. Tulikuwa tunapita tu. Tukaona ndani ya lupango yenu mumepanda ua moja," na hapo inzi akatua juu ya mdomo wake, kwenye mustachi. Hakumfukuza, maana mtu anayesema maneno ya ndoa hapungi mikono. "Tukasema, hii ua, tukiipata, sisi tutai..."

Pa.

Msemaji alijigusa mdomo, akakuta umelowa. "Nani amenipiga?" akauliza kwa sauti ndogo, kisha akainua uso. Direktere alikuwa anatafuna.

Yule mzee hakumwangalia mpaka apate haya. Alirudi nyuma, akakumbatia mgomba, mgomba ukaja, na tao lote likamshukia na maua yake. Majani yalipotulia, mzee alikuwa amesimama wima kama nguzo, na juu ya kofia yake, mwenye ghadhabu, mweusi sasa kama chungu, amefungua mdomo, Direktere.

Vijana wa kutia chui haya walishuka kupitia maharagwe ya Papa. Nilisikia miti ikivunjika mmoja baada ya mwingine hadi bondeni. Mbuzi alikwenda nao. Mwinjilisti wetu, aliyealikwa kuombea chakula, alifumba macho na kuanza kuomba papo hapo, huku akirudi kinyumenyume hadi akaingia jikoni. Mlangoni Koko alisema, "Mimi nilisema," na akaketi.

Papa alichukua fimbo. Nilimwona akiinua, na mimi nikashika mguu wake kwa mikono yote miwili na kufunga macho. Fimbo haikushuka. Nilipofungua jicho moja, Papa bado ameinua mkono, na sasa jasho linamtoka, kwa sababu amegundua kwamba chini ya kinyonga kuna kofia, na chini ya kofia kuna mkwe. Huwezi kumpiga mkwe kichwani. Hata baada ya mahari huwezi, sembuse mlangoni.

"Muniondoleeko," mzee alinong'ona bila kutikisa midomo.

Hakuna aliyesogea. Ndipo Shangazi akatoka ndani. Hakuwa ameitwa. Kitenge kilimwanguka mabegani, miguu mitupu, na nywele zake zimepungua upande mmoja mbele ya wakwe wote waliobaki, ambao hawakuwa wengi. Mama akasema, "Neema, rudi." Shangazi akapita. Alifika kwa yule mzee, akanyoosha mkono, akazungumza na Direktere kama jioni zote. Lakini Direktere alikuwa ameshika ngozi ile kwa miguu yote na mkia, na kila Shangazi alipomvuta, kofia ilikuja na masikio ya mzee.

"Muntu alete kitu ya kumupokelea," Shangazi alisema.

Wa kwanza wa upande wao kusogea alikuwa Safari mwenyewe, ambaye siku hiyo kazi yake ilikuwa kunyamaza nyuma ya wote. Nilimwona uso. Ndugu zangu, mtu yule aliogopa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alivua koti, jipya, la kuvaa siku moja tu maishani, akalifungua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaja mbele hatua kwa hatua, uso ameugeuzia kabisa upande wa barabara, na koti lote linatetemeka. Shangazi akamwangalia. Akaweka kofia na Direktere ndani, pamoja.

"Peleka nyuma ya nyumba," akamwambia. "Mutoto atakuonyesha."

Tulikwenda, mimi mbele, yeye nyuma amenyoosha mikono mbali na kifua. Penye ua la miti alisimama na mzigo wake, hajui auweke wapi.

"Anakulaka nini?" akaniuliza.

"Inzi. Na panzi, lakini unamufunga na uzi ya nywele."

"Watu, hapana?"

"Apana."

"Umeuliza vizuri?"

Nilimwambia sikuuliza, lakini naona tu. Akachuchumaa, koti chini, akasubiri na mimi Direktere apoe. Ilichukua muda. Rangi ilirudi polepole, kijani ikala weusi kutoka mkiani. Safari alitazama hayo yote kwa pembe ya jicho. Kisha akaniuliza kama ni Neema aliyemfundisha kula, nikasema ni Neema, hata maji anampulizia kwa mdomo. Akasema tu, "Ah." Alirudi kwa watu na kofia ya mzee, amevaa shati tu, bila koti, kwa sababu Direktere alikuwa ameamua kulala ndani yake.

Mbele kulikuwa na maneno. Koko alitaka waondoke, na baadhi ya wale waliopanda kutoka maharagweni walitaka hivyo pia. Yule msemaji alikuwa ameketi, amepewa maji. Alifikiri, na mimi leo naelewa alikuwa akifikiri nini: njia yote ya kurudi Walikale, na vijiji vyote vya njiani, na watu wakiuliza mbona mumerudi upesi, na yeye akijibu. Alivaa kofia yake.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Weye uliona kitu?"

Vijana waliangaliana. Hawakuona kitu. Walikuwa wamemfukuza mbuzi. Papa naye akaulizwa kama aliona kitu, akaificha fimbo nyuma ya kiti na kusema upepo umeangusha tao. Mwinjilisti alikuwa amefumba macho, Mungu ni shahidi. Hivyo siku ile mnyama hakuonekana na mtu yeyote katika lupango letu, na Papa, mtu wa neno lake, hakuweza kumpiga fimbo mnyama ambaye hakuonekana. Koko alibaki peke yake na ukweli, akaukalia kwa hasira hadi nyama ilipoiva.

Waliposukuma mizigo katikati, Papa alimwita Shangazi, sasa kwa utaratibu, na kumuuliza lile swali letu la mbele ya watu: "Neema, hii vitu watu wameleta, tukule ao tusikule?" Shangazi alisimama chini ya kitenge. Alikaa kimya mpaka Mama akakohoa. Papa akauliza tena. Mimi nilikuwa na njaa, nilishangaa anangoja nini, mbuzi si yuko pale?

"Mukule," alisema.

Direktere tulikaa naye mpaka mvua zilipoanza. Jioni moja aliinua mguu, akafikiri, akaingia kwenye ua la miti na hakurudi, na mimi nilipuliza maji juu ya majani siku nyingi bila kujua ninampulizia nani. Shangazi alikuwa amekwisha kuondoka. Alipanda nyuma ya pikipiki na godoro lake, akashuka barabara ya Walikale.

Nilipokuwa mkubwa nilikwenda kumsaidia alipojifungua mtoto wake wa tatu. Tulikuwa tunakausha nguo, Safari yuko sokoni, na nikamkumbusha siku ile, tukacheka hadi mtoto akaamka. Nikamwambia, kwa mzaha tu, kwamba alituchelewesha kula. Shangazi aliacha kucheka, si kwa huzuni. Akaniambia kwamba asubuhi ile, chini ya kitenge, alikuwa bado hajui atasema nini. Angesema musikule, mizigo yote ingerudi, Papa angepata haya, na yeye alikuwa nusu tayari kusema hivyo.

Nilikaa na shati lililolowa mkononi. Miaka yote hiyo nilidhani siku ile watu walikusanyika kuamua maisha ya kinyonga wangu. Na zile jioni zote nyuma ya jikoni, mimi nacheka, yeye alikuwa anauliza kweli. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Lakini Safari pia aliogopa," nikamwambia. "Nilimuona. Alikuwa anatetemeka zaidi ya wote."

"Wote waliogopa," Shangazi alisema. "Yeye aliogopa akavua koti."